Atomi, ioni au chipu za baridi: ipi itafika mwanzo kwenye kompyuta ya kwanta inayojisahihisha?

MaalimWete
Assalamu alaykum wanajukwaa. Nasomesha fizikia skuli moja hapa Wete. Vijana wa kidato cha sita wamenishika: wengine wamesoma habari za Google na chipu yake ya Willow, wengine za Harvard na atomi zake, na wote wanataka kujua nani yuko mbele. Nina kipindi kimoja tu, dakika 40. Kila ninachosoma, mwenyewe anavutia kwake. Moyo wangu umeelekea kwenye atomi, lakini sitaki kuwadanganya watoto wa watu. Nisaidieni.

Kete64
Wa alaykum salaam maalim. Moyo umeelekea pazuri. Nenda na bao darasani. Atomi za rubidiamu hupozwa kwa leza ndani ya ombwe, kisha kila moja ikashikwa na kibano chake cha mwanga, kama kete shimoni. Utamu ni kwamba unazitembeza katikati ya hesabu. Iliyokuwa pembeni unaipeleka ikakae na ya upande wa pili, mikromita chache tu baina yao. Ukiipandisha moja kwenye hali ya Rydberg, yenye nishati kubwa, inavimba, na jirani yake hawezi tena kupanda. Hapo ndipo zinapofungamana kikwanta, hali ya moja haielezeki bila ya nyengine. Kyubiti, yaani biti ya kwanta, hapa ni atomi yenyewe; ya chipu imechongwa palepale ilipo, inazungumza na jirani zake basi.

Disemba 2023 kundi la Mikhail Lukin wa Harvard, na wenzao wa MIT na kampuni ya QuEra, walitumia hadi atomi 280 wakaonyesha kyubiti 48 za kimantiki, yaani habari imetandazwa juu ya atomi kadhaa ili kosa lionekane. Nani mwengine alikuwa na 48?

FundiFriji
Yakhe, taratibu. Zile 48 zilikuwa za kugundua kosa, si kulisahihisha. Kosa likionekana, jaribio zima linatupwa wanaanza upya. Ni kazi kubwa, sikatai, lakini mwambie maalim yote.

Willow ina kyubiti 105. Disemba 2024 walionyesha jambo lililosubiriwa tangu miaka ya 1990: wakiikuza gridi ya kyubiti zinazobeba moja ya kimantiki, kutoka 3 kwa 3 kwenda 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7, kosa linapungua zaidi ya nusu kila hatua. Yaani unaongeza vipande vibovu, na kitu kizima kinazidi kuwa kizuri. Tena mzunguko mmoja wa ukaguzi ni kama mikrosekunde moja. Atomi mpaka uzipige picha kwa kamera, unahesabu kwa milisekunde. Tofauti ya mara elfu hiyo: kazi ya saa moja kwenye chipu ni siku arubaini kwenye atomi.

Ila kwa haki ya kazi yangu niseme: friji yao inashuka hadi sehemu ndogo ya digrii moja juu ya sifuri kamili, na kila kyubiti inataka nyaya zake ziteremke humo. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani bila umeme miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010, friji ya namna hiyo tungeipikia pilau ndani.

BiKarafuu
Mbona ioni mmezisahau? Kwa usahihi wa geti, yaani hatua moja ya hesabu, hakuna anayezifikia. Aprili 2024 Microsoft na kampuni ya Quantinuum walichukua ioni 30 wakapata kyubiti 4 za kimantiki, zenye makosa pungufu mara 800 kuliko ioni zenyewe. Taabu yake, zina chaji, zinasukumana. Kuzirundika maelfu pahala pamoja ni vita.

Lakini maalim, naona mnakimbilia nani yuko mbele na watoto hawajajua kusahihisha kwenyewe kunakwendaje. Kyubiti huwezi kuinakili, na ukiichungulia umeiharibu. Chukua mizani ya sahani mbili. Funga pakiti tatu za karafuu zilizo sawa, kisha mmoja wa wanafunzi aiharibu moja uzito wake kwa siri, wewe umegeuka. Pima ya kwanza na ya pili, halafu ya pili na ya tatu. Mizani ikiinama mara zote mbili, mbovu ni ya kati. Hujafungua hata moja, wala hujui ndani mna uzito gani. Umejua tu zipi hazikubaliani. Hiyo ndiyo kazi ya kyubiti za ukaguzi, iwe chipu, ioni au atomi. Mpe robo saa hili, mengine yatakaa yenyewe.

Kete64
Bi, hilo la mizani nimelichukua. Na FundiFriji kanikamata kweli kwenye zile 48. Kasi pia nakubali. Lakini wingi je? Caltech mwaka 2025 wameshika atomi 6,100 kwa mara moja.

FundiFriji
Kushika si kuhesabu.

Kete64
Sawa, lakini safu nzima ya atomi unaisogeza juu ya safu nyenzake, mapigo machache ya leza, geti la kimantiki limepita. Hapo unaokoa mizunguko mingi ya ukaguzi, na ile mara elfu yako inapungua makali.

Mgeni_Chake
Samahanini, mimi nauliza la mjini. Hizi zitavunja namba za siri za benki?

BiKarafuu
Si leo, mwanangu. Mwaka 2019 ilikadiriwa zingehitajika kyubiti milioni 20 kuvunja RSA ya biti 2048, kufuli la siri linalotumika mitandaoni. Mwaka 2025 makadirio yakashuka chini ya milioni moja. Ndiyo maana Marekani ilitoa viwango vipya vya usimbaji Agosti 2024. Maalim, umepotelea wapi?

MaalimWete
Nipo, nilikuwa natafuta vifaa. Mizani nimeazima kwa muuza dagaa. Bao nimelipata kwa jirani barazani, lakini kete zimebaki 61, tatu watoto wamezipoteza. Nitafute kokoto nijazie?

BiKarafuu
Usijaze! Atomi nazo huchomoka kwenye vibano. Harvard mwaka 2025 waliendesha zaidi ya atomi 3,000 kwa saa mbili na ushei, zilizopotea zikirudishiwa kazi ikiendelea. Wacha watoto wahesabu wenyewe, halafu ndipo utoe kokoto mfukoni.