Fundi anasema mtungi wa kuzimia moto usio na geji ni mbovu. Kuna ukweli?

MamaGesti (Morogoro)
Wakuu, habari za jioni. Nina gesti ndogo na jiko dogo la chai na chipsi kwa nyuma. Mitungi ya kuzimia moto ipo minne: mitatu ya poda, kilo 6 kila mmoja, na mmoja wa CO2 wa kilo 5 karibu na meinswichi. Juzi kaja fundi wa sevisi. Kaipangusa kwa kitambaa, kaitikisa, kabandika stika mpya, kaandika risiti. Hakufungua hata mmoja. Halafu anasema wa CO2 hauna geji (ile saa ya mshale ya kupima presha), kwa hiyo umekufa, ninunue mwingine kwake. Na kuna wa poda ambao mshale umelala kwenye nyekundu, ila nao una stika yake ya "umekaguliwa". Nimepigwa? Wa CO2 niutupe? Msinicheke, naombeni mwongozo.

KobeMtaratibu
Umepigwa, tena mchana kweupe. Pole.

FundiMstaafu
Dada, usitupe kitu. Mtungi wa CO2 unatoka kiwandani bila geji. Gesi imeshindiliwa humo mpaka ikawa kimiminika, na maadamu kimiminika kipo, hata kidogo, presha haishuki kwa maana. Nusu ya gesi inaweza kuwa imevuja na geji ikakuonyesha mambo safi. Ndiyo maana CO2 hupimwa kwa mizani.

Tazama kwenye vali au begani mwa mtungi, utaona uzito umegongwa kwenye chuma. Ukikuta mtupu ni kilo 10.2, basi uliojaa ni 15.2. Gesi ikipungua zaidi ya asilimia 10, kwako ni nusu kilo, peleka ujazwe. Hakikisha tu kama uzito ule umehesabu mpira na lile bomba jeusi la mdomo mpana, maana mingine haihesabu.

Kuhusu kutofungua, hapo nitamtetea kidogo. Mtungi wa poda wenye geji haufunguliwi kila mwaka. Kanuni za Marekani zinataka umwagwe na kukaguliwa ndani kila miaka 6, za Uingereza kila miaka 5. Lakini kila mwaka lazima upimwe uzito, pini na sili viangaliwe, mpira ufunguliwe na kuchunguliwa. Nyigu wanapenda sana kujenga kwenye nozeli; nimeshachokoa udongo mgumu humo kwa msumari. Huyo wako alikuja na mizani? Na aliyebandika stika juu ya mshale mwekundu hakutazama kitu.

DerevaWaLori
Mimi wa kwenye gari huwa naubonyeza kidogo kila mwezi, pffff, nikiona unga unatoka najua uko hai. Si inatosha?

FundiMstaafu
Mkuu, acha leo hii! Ukibonyeza, chembe za poda zinabaki kwenye vali, haifungi tena sawasawa, presha inatoka kimyakimya. Siku ya moto unashika chupa ya unga tu. Ukishabonyeza hata sekunde moja, hesabu kwamba unatakiwa kujazwa.

MtuWaKisauni (Mombasa)
Dadangu, mie nimekwama hapo kwenye chipsi. Poda itaua moto wa mafuta, lakini mafuta yenyewe yabaki na joto lile lile, yaweza kuwaka tena ukishageuka. Tafuta blanketi la kuzimia moto, au mtungi wa kemikali ya majimaji uliotengenezwa kwa mafuta ya kupikia. Maji hapo ni haramu. Wala mtungi usiutundike juu ya karai, utaufikiaje moto ukiwaka? Weka njiani kuelekea mlangoni.

KobeMtaratibu
Na nenda ofisi ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hapo mkoani na risiti yako. Gesti yako wanatakiwa kuikagua hata hivyo, bora uwafuate wewe kabla hawajakufuata. Namba ya dharura ni 114, bandika mapokezi.

MamaGesti
Asanteni sana. Nimeazima mizani ya muuza mkaa. Chuma kimeandikwa 10.2 na 15.2 kama alivyosema mzee (umejuaje?), mizani imesoma 15.0. Kwa hiyo mzima?

FundiMstaafu
Bahati tu, dada. Gesi ipo. Ila mizani ya mkaa siiamini kwenye gramu mia mbili, tafuta ya dijitali urudie. Sasa nisomee tarehe iliyogongwa hapo hapo begani.

MamaGesti
2011. Hakuna nyingine.

FundiMstaafu
Basi gesi haina shida, chuma ndicho kinachotakiwa kupimwa kwa presha ya maji. Marekani CO2 ni kila miaka 5, Uingereza 10, na wako umepita kote. Upeleke karakana yenye mashine hiyo, usikubali wakujazie tu. Ukifaulu watagonga tarehe mpya kwenye chuma, si kwenye stika. Waombe mtungi wa kuazima ukae hapo kwenye meinswichi mpaka wako urudi. Ule wa mshale mwekundu uende nao safari hiyo hiyo.

DerevaWaLori
Mzee, na wangu niliokuwa nabonyeza, mshale bado uko kijani. Nao niupeleke?

FundiMstaafu
Nao. Kesho.