Madogo wa benchi ndio wanatupwa kwenye mkwaju wa kuanzia, halafu tunaambiwa eti wamepewa nafasi

Wakuu habari za muda huu. Najua humu wengi mnakesha na Simba na Yanga, ila tupo wabongo na wakenya kibao huku Marekani na watoto wetu wanacheza huu mpira wao wa kushika mikononi, American football, kwa hiyo mods naombeni msiuhamishe uzi wangu kwenye "michezo mingineyo" ukafie huko.

Nimekasirika na sitaki kuzunguka. Siongelei mpira wote, wanaotaka kucheza wacheze, mwenyewe Jumapili naangalia NFL, ligi yao kuu ya kulipwa, kama kawa. Naongelea kitu kimoja tu, mkwaju wa kuanzia.

Kwa wasiofuatilia, kila nusu ikianza, na kila timu ikishafunga, mpira unawekwa chini na mpigaji anaupeleka mbali kwa wapinzani. Wenzake kumi wanautimkia kama wamefunguliwa zizini, wale wa upande wa pili wanarudi nyuma kidogo halafu wanageuka kuja mbele kumfungulia njia aliyedaka. Watu wanakula yadi arobaini, hamsini za mbio bila breki ndio wanagongana. Kwenye vipande vya kawaida vya mchezo, timu ikijaribu kusogeza mpira, wanaanza wameinama pua kwa pua, hakuna pa kuchukulia spidi, ila hapa spidi ipo ya kutosha na kila mtu anajua spidi ikiwa mara mbili nguvu ya kugonga inakuwa mara nne, hiyo fizikia ya sekondari haihitaji profesa. Na si lazima uwe na mpira ndio ugongwe, unaweza ukawa unamwangalia mwenye mpira huko, mtu akakujia ubavuni.

Sasa nije kwangu. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 15, yupo haiskuli moja hapa Ohio, jina la shule naliacha. Mwembamba ila mbio anazo. Dada anafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya wazee kwa hiyo Ijumaa usiku mimi ndio nakaa jukwaani na blanketi langu. Dogo hana namba kikosini, kaanza huu mpira juzi tu, kwa hiyo kapangwa timu ya mkwaju. Ukimuuliza anakwambia kwa furaha kabisa, mjomba nacheza!

Ijumaa moja majuzi hapa, nusu ya pili ndio inaanza, dogo katoka nduki pembeni kulia macho yote kwa aliyedaka, kumbe kuna jitu la upande wa pili lilishamlenga kitambo. Mimi nilisikia kabla sijaelewa nimeona nini, mlio ule wa helmeti kwa helmeti. Akaenda chini. Akainuka haraka haraka, ile ya kutaka watu waone hakuna kitu, akaanza kutembea kuelekea benchi la wapinzani. La wapinzani, wakuu! Mwenzake akamshika bega akamgeuza. Msaidizi wa kocha akamwinamia, akamwonyesha vidole, dogo akajibu kitu, akapigwapigwa mgongoni, basi. Mimi nikajua katolewa kwa usiku ule. Timu yetu ikafunga baadaye, naangalia mstari wa mkwaju namwona yule yule na jezi yake, mkono mmoja kwenye goti, anasubiri mpira upigwe akimbie tena.

Nilishuka pale jukwaani sijui nimepita wapi, mechi ilikuwa haijaisha mimi nipo kwenye uzio nabishana na mtu wa getini. Kwenye gari namuuliza dogo mmefungana ngapi, hajui. Ananiambia "mjomba usiwaambie, watanitoa." Kesho yake daktari akasema mtikisiko wa ubongo.

Na msije mkasema eti hakuna sheria. Mwaka 2006 kuna mtoto wa miaka 13 jimbo la Washington, Zackery Lystedt, aligonga kichwa akarudishwa mchezoni siku hiyo hiyo, akaishia kupigania maisha yake hospitali. Mwaka 2009 jimbo lile likatunga sheria kwa jina lake na sasa majimbo yote 50 yana sheria za aina hiyo. Hapa Ohio mtoto akionyesha dalili anatolewa, harudi siku ile, na kurudi kwake ni mpaka kwa karatasi ya mtaalamu wa afya. Kutembea kwenda benchi la wapinzani kama sio dalili basi niambieni dalili ni nini.

Jumatatu nikaenda kwa kocha. Alinipokea vizuri kwa kweli, hakunifokea wala nini, akasema kwenye kelele zile hawakuona, watafuatilia. Nikamuuliza kwa nini timu ya mkwaju imejaa watoto wa benchi na wageni wa mchezo. Jibu lake ndilo limenifanya nifungue uzi. Akasema pale ndipo vijana wanaosubiri namba wanapopata nafasi ya kuonekana. Yaani kipande chenye mbio ndefu kuliko vyote wanapewa wasiojua bado kuanguka, kujilinda wala kuangalia pembeni, halafu wenyewe wanatakiwa washukuru. Nyota wa timu anakunywa maji kipindi hicho, si wanamtunza.

Na hii haijaanzia haiskuli. Mnamkumbuka Daniel Adongo? Kijana wa Nairobi, mtu wa raga, kacheza mpaka New Zealand na Afrika Kusini, mwaka 2013 Indianapolis Colts, timu ya NFL, wakamsajili hajawahi kucheza huu mpira hata mara moja. Alipoingia uwanjani alitumika wapi? Timu za mikwaju. Nampa heshima zake zote, njia ilikuwa hiyo akaipita. Ila ndivyo mfumo ulivyo, ukija huna jina mlango uliobaki wazi ni huo. Halafu 2023 NFL wakaja kufanya kambi Nairobi kutafuta vipaji, na nikiona vijana wetu warefu wanapimwa mbio najiuliza wataanzia wapi hao wakifika. Jibu ninalo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakubwa wanajua kila kitu. Hatari ya mkwaju ingekuwa siri ningeelewa, sasa angalia. 2009 NFL wakapiga marufuku ule ukuta wa watu watatu na zaidi wanaoshikamana kumlinda mwenye mpira. 2011 wakasogeza mpigaji kutoka yadi ya 30 mpaka ya 35 (yadi zinahesabiwa kutoka mstari wa goli wa kila timu, 50 ndio katikati) ili mpira ufike mwisho kabisa watu wasirudishe, yaani mdakaji asikimbie nao kuja mbele. 2018 wakakataza timu inayopiga kuanza mbio kabla, ukuta hata wa wawili ukafutwa. Ikafika mahali Super Bowl, fainali yao, ya Februari 2024 pale Las Vegas mikwaju yote 13 hakuna hata mmoja uliorudishwa, watu wanaangalia mpira unapita juu wanaenda kuchukua bia. Hapo ndipo wenye timu wakashtuka, Machi 2024 wakapiga kura 29 kwa 3, kanuni mpya.

Sasa hivi kule watu kumi wa timu inayopiga wanapangwa kwenye yadi ya 40 ya wapinzani, mbele yao yadi tano tu kuna mstari wa wapokeaji, na hakuna wa kunyanyua mguu mpaka mpira uguse chini au uguswe na mdakaji. Mbio zile ndefu zimekufa. NFL wenyewe walisema kiwango cha mitikisiko ya ubongo kwenye mikwaju 2024 kilishuka asilimia 43. Safi. Ila wabaya hao, 2025 wakasogeza adhabu ya mpira usiorudishwa, timu inayopokea inaanzia yadi ya 35 badala ya 30, ili makocha waogope kuupiga mpaka mwisho kabisa, na mikwaju inayorudishwa ikawa zaidi ya mara mbili ya mwaka uliopita. Umepunguza hatari ya mgongano mmoja halafu umeongeza migongano, kisha unataka upigiwe makofi. Lakini hebu hata hilo niwasamehe, wale ni watu wazima wenye mikataba, wana madaktari pembeni na mtu juu ghorofani anaangalia marudio kwenye skrini.

Haya, upande wa chini. Pop Warner, ile ligi ya watoto, 2016 wakafuta kabisa mkwaju wa kuanzia kwa watoto wa miaka 10 kushuka chini. Kwa hiyo mtoto wa miaka 9 kalindwa, milionea wa NFL kalindwa, na wa miaka 15 kwenye uwanja wa haiskuli anakimbia vile vile kama zamani! Kwenye kanuni za haiskuli mpira unapigwa kutoka yadi ya 40, ni yadi 60 mpaka mstari wa goli, mtoto gani wa miaka 16 anaufikisha huko kila mara? Kwa hiyo mingi inarudishwa. Vyuo angalau tangu 2018 mdakaji anaweza kupunga mkono akaudaka bila kuguswa, timu yake ikaanzia yadi ya 25, nafuu ndogo lakini ipo.

Na ushahidi upo wa vyuo vyenyewe. Ligi ya Ivy, kina Harvard, Yale na Princeton, mwaka 2015 mikwaju ya kuanzia ilikuwa asilimia 6 tu ya vipande vyote vya mchezo ila ilibeba asilimia 21 ya mitikisiko ya ubongo. 2016 wakasogeza mpigaji yadi tano mbele, yadi tano tu wakuu, na mpira usiorudishwa timu inayopokea ikawa inaanzia yadi ya 20 badala ya 25. Mitikisiko ikashuka kutoka karibu 11 kwa kila mikwaju 1,000 mpaka 2. Hakuna mashine iliyonunuliwa wala helmeti ya gharama.

Nimalizie na Eric LeGrand. Oktoba 2010, mechi ya vyuo, Rutgers dhidi ya Army, kijana wa miaka 20 mzito kabisa, anakimbia kufuata mkwaju, akainamisha kichwa, akamgonga mdakaji. Mdakaji akavunjika mtulinga, LeGrand akavunjika shingo, amepooza mpaka leo. Kocha wake Greg Schiano baada ya hapo akaja na wazo, futa mkwaju, timu iliyofunga ipewe mpira kwenye yadi yake ya 30 ikiwa na jaribio la mwisho kati ya manne na yadi 15 za kwenda, itachagua iupige mbali kuwaachia wapinzani au ijaribu kuendelea nao. Bosi wa NFL, Roger Goodell mwenyewe, 2012 alilitaja hadharani. Lipo mezani tangu kipindi kile, vumbi tu. Miaka mitano baada ya LeGrand, Devon Gales wa chuo cha Southern akapooza kwenye mkwaju dhidi ya chuo cha Georgia, 2015.

NYONGEZA: nimesoma majibu yenu.

Mdau unayesema "mbona raga hawavai helmeti na hawalii", mkuu raga huruhusiwi kumgonga asiye na mpira, na mwenye mpira unamkamata chini ya mabega kwa mikono. Helmeti ndiyo inayowapa hawa ujasiri wa kutanguliza kichwa.

Anayesema nimtoe dogo acheze soka: anaupenda huu, marafiki zake wote wapo pale, na mimi sio baba yake. Dada ndiye atakayeamua na dada anataka kusikia kwanza shule inasemaje.

Na yule aliyeniambia "ukitaka usalama rudi Bongo", sina muda na wewe.

Kwa walioko Ohio. Alhamisi kuna kikao cha wazazi na shule. Barua nimeshaandika, nataka mambo matatu tu: mtoto asiyejua bado kuzuia wala kukaba asipangwe timu ya mkwaju, awepo mtu mmoja pembeni ambaye sio kocha mwenye mamlaka ya kumtoa mchezaji, na shule iandikie chama cha michezo cha jimbo kuomba kanuni ibadilishwe, wachague wenyewe ya NFL au ya Schiano. Nikienda peke yangu na kiingereza changu hiki watanisikiliza kwa adabu halafu wataendelea na ajenda, kwa hiyo mwenye mtoto kwenye haiskuli za huku aje PM, nataka sahihi za wazazi kabla ya Alhamisi, hata kama mtoto wako ni nyota na hakimbii mkwaju.