Bibi yangu alitolewa ziwa moja, sasa anajificha hata mbele yangu. Nifanye aje?

Mwana_Birere (Goma)

Jambo bandugu na bamama. Naandika usiku hivi juu mchana bibi yangu ako pembeni na sitaki aone.

Ako na miaka 38, tuko na batoto bane. Mwaka jana alisikia kitu kigumu mu ziwa ya kushoto, kama mbegu ya haragi, haikumuuma hata kidogo. Tukaenda kwa kituo kimoja cha afya hapa mjini, sitakitaja, bakasema ni jipu ya mama mwenye kunyonyesha, na mtoto wetu wa mwisho alikuwa ameacha ziwa zamani! Miezi mitano ya antibiotiki. Ile miezi mitano inaniuma mpaka leo. Dokta mwingine njo alichukua kanyama kadogo na shindano akatuma ku labo, jibu ikarudi kansere. Sasa tunavuka mpaka tunaenda Butaro, kule Burera, Rwanda, kwenye bana kituo cha kansere tangu 2012. Balitoa ziwa yote, na sasa ako mu shimio, ile dawa kali ya kuua kansere, amekwisha kufanya mbili, ya tatu ni siku ya ine ya juma lijalo.

Shida yenye inaninyima usingizi ni hii. Tangu alipotoka hospitali hanionyeshi mwili. Anaoga taa ikiwa imezimwa, mulango amefunga na kifungulo, analala na puluva juu ya kitenge. Siku chache mbele ya shimio ya pili nywele zilianza kubaki ku muto, akaokota zote akatia mu sashe nyeusi akaenda kutupa mwenyewe kabla batoto baamuke. Niliona yote, nikajifanya niko nalala. Nikimwambia "utapona, jipe moyo" ananyamaza kabisa, na nikinyamaza na mimi nyumba inakuwa kama kwenye kilio.

Tena mama yangu mzazi ananiambia mwanamuke wa ziwa moja arudi kwao, dada yangu anasema ni ulozi, ao ni juu ya feza na telefone vyenye alikuwa anaweka mu sutye (sidiria) akiuzisha soko ya Virunga. Mimi nampenda bibi yangu, sitafuti mwingine. Nataka mtu mwenye alipita hapo aniambie, niseme nini ao ninyamaze, nimuguse ao nimuache?

Mama_wa_Nguba (Bukavu)

Shemeki, pole sana, na asante kwa kuuliza, juu babwana wengi hawaulizi, banatoroka tu. Mimi niko na miaka 51, ziwa yangu ya kuume ilienda mu 2017, nakujibu kama dada.

Hiyo "utapona" uiache kwanza. Bwana yangu alikuwa ananiambia kila asubuhi, na mimi nilikuwa nasikia kama ananifunga kinywa, juu nitamwambia aje niko naogopa kufa na yeye amekwisha kusema nitapona? Siku aliacha kusema vile njo nililia mbele yake mara ya kwanza.

Nikuambie kitu chenye kilinisaidia. Nilirudi nyumbani na ule mupira wenye kutoka kwa kidonda na kachupa kenye kupokea maji ya damu. Mimi sikuweza kukaangalia. Yeye alijifunza kwa muganga namna ya kukamwanga, ananawa mikono, anapima, anaandika mu kaye ya mtoto wetu: asubuhi 60, mangaribi 45. Kila siku. Kwa hiyo yeye aliona kidonda kabla yangu, mimi nilikuwa naangalia ukuta. Siku moja akanambia, upande wa kwapa kumekauka, hapa katikati bado kidogo. Basi. Hakusema niko mzuri, hakulia, alisema tu kama mtu mwenye anasema habari ya mukono ao ya mguu. Ile siku niliomba kioo.

Kwako kachupa kametoka na mulango umefungwa, usiusukume. Kaa inje ya mulango umwambie niko hapa, mukono wako haufiki mugongo, ukitaka nikuoshe uniite. Asipoita leo, kaa na kesho. Na siku atakuachia kugusa uliza kwanza wapi kunauma, juu ngozi ya hapo mara ingine imekufa ganzi, mara ingine inachoma kama moto, na kama hujui utamshitusha.

Habari ya feza mu sutye, sisi bote tunaweka feza humo, toka Nguba mpaka Kadutu, haileti kansere. Hata banaume banapata kansere ya ziwa, ni bachache lakini banapata, na hawavai sutye. Na mama yako, ni wewe wa kumwambia anyamaze, haiko bibi yako. Umwambie na bibi yako akiwa anasikia. Hapo sitapunguza neno.

Kidonda kikipona kabisa mushoneshee kamfuko ka kitambaa laini, mujaze pamba na muchele kidogo ili kakuwe na uzito, akaweke mu sutye. Mimi niko nako mpaka leo, kanisani hakuna mwenye anajua.

Muganga_Kadutu (Bukavu)

Mama wa Nguba amesema vizuri habari ya moyo, mimi ni infirmie (muuguzi), naomba niongeze ya mwili juu hapo watu wanapoteza maisha.

Nunua termometre leo. Shimio inashusha askari wa damu, hasa kuanzia kama siku ya 7 mpaka ya 14 baada ya dawa, na wakati huo homa ya 38 si ya kungojea asubuhi. Kwetu huku mtu akipata homa tunasema malaria, tunakimbia famasi tunanunua vidonge tunalala. Kwa mtu wa shimio hapana! Usimpe parasetamoli mbele ya kumpima, itaficha homa na utafikiri ni mzima. Na kwa vile munatibiwa ngambo ya mpaka, waulize dokta wenu sasa hivi, homa ikikuja usiku mpaka umefungwa tuende hospitali gani hapa Goma, tuseme nini, halafu uandike kwa karatasi, uitie mu kitambulisho chake. Kila mtu mu nyumba ajue hiyo karatasi iko wapi, hata mtoto mkubwa.

Kama wanampa ile dawa nyekundu, atakojoa mwekundu siku moja ao mbili, si damu, musiogope. Vidonda vya kinywa asukutue na maji ya chumvi na bikarbonate, maji yawe yamechemka. Na maji ya kunywa pia, hasa kama munateka mu Ziwa Kivu kule Kituku. Chakula kiwe cha moto, sambaza ziive vizuri, matunda yaoshwe.

Mukono wa kushoto, kama walitoa na tezi za kwapa, asibebe tena bidoni ya litre 20 na mukono huo, na shindano wampige mukono ule mwingine. Lakini asiulaze kabisa! Asimame mbele ya ukuta, vidole vipande ukuta polepole mpaka pale panapovuta, arudie kila siku, musipofanya bega litakauka. Ukivimba, twendeni kwa dokta mapema.

Dawa za majani wakati wa shimio muache, zingine zinaharibu maini na dokta hatajua ni nini. Omba pia karatasi ya risepta za homoni, yenye kuonyesha kama kansere yake inakulishwa na homoni. Kama ziko, baada ya shimio huenda akapewa tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, mara nyingi miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 ao zaidi. Watu wengi wanaiacha juu wanajisikia wazima, na ni hapo wewe bwana utasaidia, kumkumbusha bila kumlalamikia. Kulala pamoja si marufuku kama yeye anataka, lakini tumieni kapoti (kondomu), hapaswi kubeba mimba wakati huu wala akiwa kwa tamoksifeni.

Mukubwa_Katuba (Lubumbashi)

Leki, mie nilikosea, acha nikuambie namna nilikosea.

Bibi yangu balimupeleka Lusaka, ku ile hospitali ya kansere yenye ilifunguliwa mu 2007, juu alikuwa na lazima ya radioterapi, ile ya kuchoma kansere na miale. Siku tano kwa poso (juma), poso tano. Nilisema kazi yangu ni feza. Niliuzisha parsele, nilikopa, nilikuwa Kasumbalesa karibu kila poso natafuta dola, na kweli hatukukosa siku hata moja. Lakini mwenye alikuwa naye kule ni dada yake. Yeye njo alimwona akitapika, yeye njo alijua kama harufu ya bukari (ugali) imemshinda na anataka tu embe mbichi na chumvi. Aliporudi nilimpikia bukari na kuku, mie nafurahi, akaangalia sahani akalia. Nilikasirika! Nikamwambia unajua ile kuku nililipa ngapi. Haya neno haitoke mu kichwa yangu.

Bibi yangu ni mzima leo, tuko pamoja, na nilimwomba musamaha. Feza itafute, lazima, lakini siku ya shimio wewe mwenyewe uende. Kama kazi haikuachie, bandugu balipe transiporti na wewe ukae pale kando ya kiti yake.

Mwana_Birere (Goma)

Nimesoma yote mara mbili. Termometre nimenunua, karatasi ya usiku nitaandika siku ya ine nikiwa na dokta, na ile ya risepta nitaiomba. Mama yangu nilimpigia bibi yangu akiwa anakata sombe hapo karibu, nikamwambia habari ya kumrudisha kwao sitaki kuisikia tena mu maisha yangu. Amenikatia telefone. Bibi yangu hakusema kitu, aliendelea kukata sombe lakini polepole.

Jana usiku nilikaa chini inje ya mulango wa fasi ya kuogea, nikamwambia vile dada wa Nguba alisema, mukono wako haufiki mugongo, niko hapa. Hakujibu. Nikasikia maji tu. Nilikaa kama dakika kumi, simenti baridi, nikafikiri ni bure. Kisha kifungulo ikageuka. Taa bado imezimwa, akanyoosha mukono akanipa kitambaa na sabuni, akageukia ukuta. Nikamuosha mugongo mu giza. Amekonda, nilihesabu mifupa na vidole. Nilipofika ku bega ya kushoto nikauliza kama hapo kunauma, akasema kidogo, kisha akasema maji imepoa.

Nikaenda kuwasha mbabula.