Ukaguzi wa kila miezi mitatu: inakaguliwa nyumba au anakaguliwa mpangaji?

Kizingiti (mwanzisha mada)

Wakuu, naiweka hoja mezani tuichambue. Mikataba mingi ya upangaji ina kifungu cha ukaguzi wa ratiba: kila baada ya miezi 3 au 6 mwenye nyumba au wakala wake anaingia, anapita chumba kwa chumba akipiga picha kwa simu, kisha anaaga. Hakuna bomba lililopasuka wala jirani aliyelalamika. Tarehe tu imefika. Wapo wanaosema mali ina mwenyewe na mwenyewe ana haki ya kujua hali yake. Wengine wanasema kodi ikishalipwa, anayeingia bila sababu ni mgeni kama mgeni mwingine, na mgeni hubisha hodi akakubali kujibiwa "leo haiwezekani".

Ukaguzi wa namna hiyo ubaki au ufutwe? Naomba tusilete visa vya "mwenye nyumba wangu alinifanyia hivi". Tulete sheria, na namna kazi yenyewe inavyofanyika.

Sheria Mkononi

Mpangaji hakodi kuta peke yake. Anakodi pia haki ya kuwafungia watu mlango, akiwemo mwenye nyumba. Haki ya mwenye nyumba kuingia ni tundu lililotobolewa kwenye haki hiyo, na kila nchi imelitoboa kwa upana wake.

Uingereza, kifungu cha 11(6) cha sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 1985 kinadai notisi ya maandishi ya saa 24 kabla ya kuja kutazama hali ya nyumba, na ziara iwe wakati unaofaa wa mchana. New Zealand ni saa 48, kati ya saa 2 asubuhi na saa 1 jioni, na si zaidi ya mara moja katika wiki 4. Jimbo la New South Wales, Australia: siku 7 kwa maandishi, na ukaguzi usizidi mara 4 ndani ya miezi 12.

Sasa geukeni upande wa pili. California, kifungu cha 1954 cha sheria ya madai kinataja sababu za kuingia moja moja: dharura, matengenezo, kuwaonyesha wanunuzi au wapangaji wapya na nyingine chache. Ukaguzi wa jumla haumo. Ujerumani, mwezi Juni 2014, Mahakama Kuu ya Shirikisho ilisema mwenye nyumba hana haki ya jumla ya kupita kukagua. Lazima awe na sababu mahususi. Ikaongeza kwamba kifungu cha mkataba kinachompa haki hiyo bila sababu hakina nguvu, hata kama mpangaji amekitia saini.

Kwa hiyo anayesema ukaguzi wa ratiba ni kawaida duniani kote hajafika Ujerumani, na anayesema hakuna nchi makini inayouruhusu hajafika New Zealand.

Msimamizi wa Majengo

Ndugu zangu wa sheria mnaongea kana kwamba maji nayo husubiri notisi. Hebu twende chini ya sinki.

Pale pana mpira wa maji uliovishwa wavu wa chuma. Unaanza kufa pale wavu unapoingia kwenye nati: kwanza doa la kutu, halafu nyuzi za wavu zinakatika moja moja, halafu unapasuka usiku maji yakiwa na presha. Kabla haujapasuka hudondosha kidogo kidogo. Tone moja kila sekunde ni lita kadhaa kwa siku, na yote yanaishia kwenye ubao wa kabati. Ubao wa unga wa mbao ukilowa huvimba ukingoni, ngozi yake ya juu inabanduka, na hapo haurudi tena. Mpangaji haoni, kwa sababu mbele ya mpira ule amepanga sabuni na ndoo. Wala si uzembe. Nani huchungulia huko?

Ukaguzi wa nyumba ya vyumba viwili ukifanywa na mtu anayeijua kazi ni dakika 20 hadi 30. Unafuta nati za chini ya sinki kwa karatasi kavu uone kama italowa. Unapitisha kidole kwenye silikoni kati ya ukuta na beseni la kuogea. Unatazama dari iliyo chini ya bafu, pembe za madirisha, na ukuta unaopakana na nje. Unabonyeza kitufe chenye herufi T kwenye swichi ya kinga ya umeme. Lazima ijikate papo hapo. Unabonyeza kitambua moshi. Basi. Hufungui droo wala kabati la nguo. Kabati la chini ya sinki ndilo pekee lenye haja ya kufunguliwa, na alifungue mpangaji mwenyewe.

Tena baadhi ya kampuni za bima zinadai ushahidi wa ukaguzi. Bila huo, siku ya mafuriko mwenye nyumba anajikuta peke yake.

Mlango wa Pili

Asante mkuu, umeniandikia hoja yangu. Katika orodha yako kuna nini kinachohitaji kutazamwa kila siku 90? Mpira wa sinki hauzeeki kwa miezi mitatu. Kitambua moshi hutupwa kikifikisha miaka 10, tarehe imeandikwa mgongoni, na kitufe chake anaweza kukibonyeza mpangaji kila mwezi. Swichi ya T vilevile.

Uvujaji hauhitaji hata mtu kuingia. Mpangaji afunge mabomba yote, asome mita, asubiri saa moja bila kutumia maji, asome tena. Namba ikisogea, kuna mahali maji yanatoroka. Choo kinachovuja kimyakimya hukamatwa kwa matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi. Usivute maji kwa dakika 20. Rangi ikionekana bakulini, raba ya chini ya tangi imechoka. Mpangaji anafanya hayo, anatuma picha ya mita, mambo yamekwisha.

Na kuna jambo msilolitaja. Uvujaji ukianza siku moja baada ya ukaguzi, ukaguzi unaofuata utaukuta na umri wa karibu miezi mitatu. Anayeokoa nyumba ni mpangaji anayetoa taarifa siku hiyohiyo. Lakini anayejua kwamba kila taarifa itamletea watu wawili wenye simu na maswali ya "hii ilikuwaje?" hatoi taarifa. Anaweka ndoo. Mmejenga mfumo wa kukagua unaoua mfumo wa kuripoti.

Fundi Bomba

Mlango wa Pili, kipimo cha mita ni kizuri ila kina upofu mmoja mkubwa: kinaona maji yanayoingia tu. Maji yakishapita bombani yamekwisha kuhesabiwa. Kama kiungo cha bomba la maji machafu kimelegea, au silikoni ya bafu imepasuka na kila anayeoga anamwaga kikombe ukutani, mita haitasema kitu. Hizo ndizo zinazoozesha sakafu na dari ya jirani wa chini. Mwingine ni mchwa: mirija ya udongo nyuma ya fremu ya mlango haina mita.

Kuhusu unyevu pia, msiishie kwenye "hamfungui madirisha" wala kwenye "ukuta wenu mbovu". Bandika kipande cha karatasi ya alumini cha kama sentimita 30 kwa 30 ukutani, ziba kingo zote kwa utepe, acha siku moja au mbili. Maji yakikaa juu ya karatasi, yametoka kwenye hewa ya chumba. Yakiwa nyuma yake, ukuta ndio unaotoa. Ukuta uwe mkavu juujuu unapobandika, la sivyo jibu litakudanganya. Doa la kahawia lenye duara ni habari nyingine kabisa: hilo ni la maji yaliyopita na kukauka mara kadhaa, tafuta bomba au paa.

Kwa hiyo kuingia kunahitajika. Mara ngapi? Kwa macho ya ufundi, mara moja kwa mwaka inatosha kwa nyumba yenye mabomba mazima.

Bi. Pazia

Mmehesabu siku na saa, na kitu kinachobaki baada ya mkaguzi kuondoka hamjakigusa: picha.

Mkaguzi anasimama mlangoni, anapiga chumba kizima. Ndani ya picha hiyo moja kuna dawa juu ya meza ya kitanda, picha ya mtoto akiwa na sare ya shule, barua ya benki, zulia la kusalia, aina ya kompyuta na mahali inapokaa. Kioo cha kabati kinamwonyesha mpangaji mwenyewe amesimama kando. Simu nyingi zikiruhusiwa huandika ndani ya faili mahali na saa picha ilipopigwa. Kisha faili linakwenda kwenye kundi la ujumbe la ofisi, linakaa kwenye simu za watu watano, na mmoja akiacha kazi anaondoka nalo. Ziara imechukua dakika 20. Picha haina tarehe ya kwisha.

Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika 2018 inataka ukusanye kile tu kinachohitajika kwa lengo ulilotaja. Kenya ina sheria yake ya 2019 na Tanzania ya 2022, na msingi huo umo. Lengo likiwa ni silikoni iliyopasuka, kitanda cha mtu kinafanya nini kwenye picha?

Msimamizi wa Majengo

Dada, picha hizo zinamlinda mpangaji pia. Siku ya kurudisha amana, ndizo zitakazosema kwamba ufa ulikuwepo.

Bi. Pazia

Hizo ni picha za siku ya kupokea funguo na siku ya kuzirudisha. Nyumba huwa tupu, au karibu tupu, na pande zote mbili husaini. Sina ugomvi nazo, zipigwe hata mia. Ninazokataa ni za katikati, wakati nyumba imejaa maisha ya mtu.

Kasoro hupigwa hivi: moja ya karibu, sentimita 30 hadi 50, yenye rula au sarafu pembeni ili ukubwa ueleweke, ya pili imerudi nyuma kidogo, ionekane ni ukuta gani. Pale penye vitu vya mpangaji, avisogeze kwanza. Mkaguzi amwonyeshe picha zote kabla ya kutoka, afute atakachokataliwa. Palipo pazima hapapigwi picha; andika "sawa" kwenye orodha, inatosha.

Sheria Mkononi

Hapo kwenye picha naungana na Bi. Pazia. Naongeza mawili yanayochanganya watu.

La kwanza, notisi si ufunguo. Kutuma ujumbe leo kwamba "tunakuja kesho saa 4" kunatimiza sharti la muda. Hakumpi mtu ruhusa ya kufungua kitasa wakati mpangaji amesema hapana. Uingereza, njia salama ya mwenye nyumba aliyekataliwa ni kuomba amri ya mahakama. Akilazimisha, akirudiarudia ziara za kumchosha mtu ahame, anaweza kuingia kwenye kosa la jinai la kumsumbua mpangaji chini ya sheria ya 1977. Lakini mpangaji naye asijidanganye: akiziba njia ya fundi kisha dari ikaanguka, madai yake ya fidia yatapungua nguvu.

La pili wenye nyumba hawalipendi. Sheria ya Uingereza ya 1972 kuhusu majengo yenye kasoro inamhesabu mwenye nyumba mwenye haki ya kuingia kutengeneza kana kwamba ana wajibu wa kutengeneza, na inamwajibisha kwa kasoro aliyoijua au aliyopaswa kuijua ikimdhuru mtu. Kadiri unavyojipa haki ya kuingia, ndivyo kisingizio cha "sikujua" kinavyokutoka mkononi. Anayekagua mara nne kwa mwaka na hatengenezi anajikusanyia ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Kizingiti

Basi nijaribu kuandika kifungu, mkipasue. Ukaguzi mmoja mwezi wa 3 tangu kuhamia, kisha mmoja kila mwaka. Notisi ya siku 7 kwa maandishi yenye nyakati mbili za kuchagua, jina la anayekuja, na watu wasizidi wawili. Mpangaji au mtu wake awepo. Sehemu zitakazotazamwa ziorodheshwe kwenye notisi. Picha ni za kasoro tu. Nakala ya ripoti ndani ya siku 7, na kila kasoro iwe na tarehe ya kutengenezwa. Kasoro za ripoti iliyopita zisipotengenezwa, ukaguzi mpya hakuna.

Msimamizi wa Majengo

Mstari wa mwisho siukubali. Vipimo vya usalama havisubiri ugomvi wa bawaba ya mlango. Uingereza vifaa vya gesi vya nyumba ya kupanga hupimwa kila miezi 12 kwa sheria, na mfumo wa umeme angalau kila miaka 5. Vitengwe. Mengine naweza kuishi nayo, ingawa mara moja kwa mwaka kwa nyumba yenye mabomba ya zamani ni kucheza.

Mlango wa Pili

Gesi na umeme vitengwe, sawa. Nyumba ya mabomba ya zamani ibadilishwe mabomba. Mpangaji asilipie uzee wa nyumba kwa faragha yake. Na neno "dharura" liandikwe maana yake: moto, harufu ya gesi, maji yanayomwagika, hatari ya mtu kuumia. Nje ya hapo, funguo za akiba zikae kwenye bahasha iliyofungwa na kusainiwa na pande zote mbili juu ya kifuniko. Bahasha ikifunguliwa, itaonekana.

Fundi Bomba

Ongezeni mstari mmoja, utapunguza dharura kuliko bahasha. Siku ya kupokea funguo mpangaji aonyeshwe koki kuu ya maji na swichi kuu ya umeme, na aizungushe koki mwenyewe. Nyingi zimeganda kwa kukaa miaka bila kuguswa, na watu hugundua hivyo maji yakiwa yamefika sebuleni. Kama ni ya kuzungusha, ifungwe yote, ifunguliwe yote, kisha irudishwe robo mzunguko isikwame tena. Ikigoma siku hiyo, isilazimishwe kwa spana. Iandikwe kwenye orodha ya makabidhiano na ibadilishwe kabla mtu hajaingiza kitanda.