Nitamtembeza vipi rafiki yangu Berlin kwa siku mbili za Julai?

Mwenyeji_wa_Jina:

Wanajukwaa wa Dodoma, salamu. Naandika nikiwa Berlin, ambako nimekuja kwa kozi tangu mwezi wa nne, na ninaomba ushauri hasa kwa wale waliowahi kuishi huku kabla ya kurudi nyumbani. Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha historia katika shule moja ya sekondari huko Kondoa, anakuja Ujerumani kwa semina mwezi wa saba, na amejibana akapata Jumamosi na Jumapili za kukaa nami kabla ya kupanda ndege ya kurudi. Ananiita mwenyeji wake. Ukweli ni kwamba kwa miezi hii mitatu nimejifunza njia ya kutoka chumbani kwangu hadi darasani, duka la Waturuki ninaponunua mchele, na kanisa. Nje ya hapo siujui mji huu kuliko mgeni aliyeshuka jana stendi ya Nanenane.

Fedha zetu si nyingi, miguu yetu ni mizima, na sipendi mwenzangu arudi na picha mia za majengo ambayo hatakumbuka hata majina yake. Nianzie wapi, na niache nini?

Mzee_wa_Makole:

Mwanangu, nimecheka, kwa kuwa ndivyo nilivyokuwa mimi mwaka wangu wa kwanza huko. Usimzungushe mgeni mji mzima. Chukueni njia moja ya treni ya chini ya ardhi, ile inayoitwa U6, ambayo inaukata mji kutoka kaskazini hadi kusini, na siku zenu zote mbili zipite humo. Kwa mwalimu wa historia wa Tanzania sijui njia inayofaa kuliko hiyo.

Jumamosi asubuhi shukeni stesheni ya Naturkundemuseum, muingie makumbusho ya viumbe asilia kabla familia zenye watoto hazijajaza foleni. Katika ukumbi mkubwa amesimama mjusi wetu wa Tendaguru, yaani mifupa ya dinosaria, aliyechimbuliwa mkoani Lindi kati ya mwaka 1909 na 1913. Kimo chake ni mita 13.27, lakini kuisoma namba hiyo ni tofauti na kusimama chini yake. Mimi nilijisogeza karibu na mguu wa mbele kadiri nilivyoruhusiwa, nikaona kwamba utosi wangu haufiki hata kwenye kiwiko chake, na nilipoinua macho shingo ilikuwa bado inapanda kuelekea kwenye paa la kioo. Mwambie mwenzako asiishie kushangaa ukubwa. Aulize mifupa ile ilifikaje pale: wapagazi waliibeba kwa miguu kutoka Tendaguru hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa kila safari, katika nchi ambayo miaka michache tu kabla ya hapo ilikuwa imeteketezwa kwa Vita vya Maji Maji. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo wanafunzi wa Kondoa wanastahili kulijua sawasawa na la Werner Janensch, Mjerumani aliyeongoza kazi.

Mkitoka hapo pandeni treni ileile kuelekea kaskazini, mshuke Rehberge au Afrikanische Straße. Mtakuwa katika eneo liitwalo Mtaa wa Kiafrika, makazi ya kawaida kabisa ya watu, ambako vibao vya barabara vinasomeka Sansibarstraße na Usambarastraße. Palikuwa na barabara iliyoitwa Petersallee kwa heshima ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule Mkono wa Damu, aliyepita Ugogo mwaka 1890 akichoma vijiji vya babu zetu. Mwaka 1986 wakuu wa huko walitangaza kwamba jina hilo tangu sasa linamhusu Peters mwingine, mwanasiasa asiyehusika na makoloni, kana kwamba ukibadilisha maelezo kibao nacho kimebadilika. Agosti 2024 ndipo jina lilipoondolewa kweli, na kipande kimoja cha barabara hiyo sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Pale hakuna kiingilio wala cha kununua. Ni kibao juu ya nguzo, na magari ya watu yameegeshwa chini yake. Ningekuwa na ruhusa ya kupiga picha moja tu Berlin, ningeipigia hapo.

Zabibu_za_Hombolo:

Namheshimu Mzee wa Makole, ila Jumamosi yake ni nzito kwa mtu anayetoka semina. Jumapili iwe ya kupumua. Pandeni hiyohiyo U6 kuelekea kusini, mshuke Paradestraße, mtembee hadi Tempelhofer Feld. Hapo palikuwa uwanja wa ndege hadi mwaka 2008. Ndipo zilipotua ndege za kuleta chakula na makaa ya mawe wakati Berlin Magharibi ilipofungiwa njia mwaka 1948 na 1949. Tangu 2010 ni uwanda wa wananchi wenye hekta zipatazo 300, na mwaka 2014 wakazi wenyewe walipiga kura kukataa usijengwe. Njia za kurukia ndege hazikung'olewa: watu wanaendesha baiskeli juu yake, watoto wanarusha tiara, wengine wametandika shuka kwenye nyasi wanakula. Upepo wake ni kama wetu wa Julai, ule unaotaka kuondoka na kanga kwenye kamba, isipokuwa hauna vumbi. Kila nikipita kando ya uwanja wetu wa ndege wa mjini, najiuliza nao utakuwa nini shughuli zote zikishahamia Msalato.

Sasa fedha. Nunueni tiketi ya saa 24, na kama ni ya karatasi, igongeni muhuri kwenye kile kisanduku kidogo kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Stesheni hazina mageti, kwa hiyo mgeni hudhani akishalipa mambo yamekwisha. Mimi nilikuwa na tiketi yangu mfukoni, mpya, haina hata mkunjo. Watu wawili waliovaa kiraia, ambao nilidhani ni abiria wenzangu, walitoa vitambulisho, wakaigeuza tiketi mara mbili kutafuta muhuri, na nikalipa yuro 60. Na chupa za maji msizitupe, kwa maana mnapolipia maji mnalipia na chupa, kama soda zetu za kreti: senti 25 kwa chupa ya plastiki ya kutumika mara moja, nanyi mnarudishiwa kwenye mashine ya dukani.

Mtumishi_wa_Mtumba:

Mtu wa Dodoma hawezi kutoka Berlin bila kupanda kwenye kuba la kioo la Reichstag, jengo la Bunge la Ujerumani, kwa kuwa wale nao wanayajua mambo ya kuhamisha makao makuu. Bunge lao liliamua tarehe 20 Juni 1991 kuondoka Bonn, kwa kura 338 dhidi ya 320, likaanza kukutana Berlin mwaka 1999, na hadi leo baadhi ya wizara makao yake ya kwanza ni Bonn. Sisi tulioamua mwaka 1973 tukafungasha kwa awamu tutawacheka kwa sauti gani? Kiingilio ni bure, lakini ni lazima kujiandikisha mtandaoni mapema na kwenda na pasipoti. Ombeni nafasi ya jioni ya Jumamosi: mwezi wa saba jua linazama baada ya saa tatu usiku, na mkiwa juu mtauona mji ukibadilika rangi.

Kabla ya hapo piteni Wilhelmstraße namba 92. Jumba ambamo mkutano wa kugawana Afrika ulifanyika halipo tena, kuna bango la maelezo tu kando ya njia. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake Carl Peters akapewa hati ya ulinzi ya Kaiser kwa ajili ya nchi yetu. Mwalimu wako hizo tarehe mbili anazo kichwani, ila nadhani hajawahi kuzisoma akiwa amesimama hapo.

Mwenyeji_wa_Jina:

Mzee wa Makole, shikamoo, nanyi wengine nawashukuru. Nimekwisha kuomba nafasi ya kuba kwa Jumamosi saa mbili usiku, ambayo huku bado ni mchana mweupe. Jumapili tutaenda uwanjani baada ya ibada. Nimemwandikia mwenzangu habari za kile kibao cha Maji Maji, naye akakaa kimya siku nzima, kisha leo asubuhi akauliza kama kinafikika kwa mkono. Akauliza pia kama alete mlenda mkavu.

Zabibu_za_Hombolo:

Alete, dada. Ila nyanya na karanga ununue Jumamosi kabla hamjaenda kwa mjusi, kwa sababu Jumapili maduka ya huko hufungwa, isipokuwa machache ya kwenye stesheni kubwa, na bei zake utazijutia.