Kompyuta kidato cha tano: binti aache Kemia achukue PMC?

Baba Mwanahawa
Wana Tanga, habari za jioni. Binti yangu kamaliza kidato cha nne, Fizikia na Hesabu kapata B, Kemia C. Anataka PMC, yaani Fizikia, Hesabu na Sayansi ya Kompyuta. Mama yake na mjomba wake wanashikilia PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hesabu, ati ndiyo yenye milango mingi, kompyuta atasoma likizo. Muda wa kubadilisha tahasusi, yaani huo mchanganyiko wa masomo, kwenye mfumo wa TAMISEMI unakimbia. Wenye uzoefu nisaidieni.

Mchumi wa Duga
Msikilize mjomba. Mwenye PCM anaingia uhandisi, na kompyuta anaikuta hukohuko chuoni. Bomba la mafuta la kutoka Hoima linaishia Chongoleani hapa kwetu, kilomita 1,443, halafu wewe unamtoa mtoto Kemia? Na hiyo kompyuta ya kidato cha tano ni kitu gani hasa? Kuwasha, kuzima, kuchapa barua. Hata yule binti wa steshenari Barabara ya 12 anaijua, na sidhani kama alimaliza shule.

Fundi Msimbo
Mchumi, unachanganya vitu viwili. Afrika Kusini wamevitenganisha kabisa, darasa la 10 hadi la 12. Kuna somo la CAT, hilo ndilo la matumizi: nyaraka, majedwali, hifadhidata ndogondogo. Halafu kuna somo la IT, la kutengeneza programu. Mtihani wa mwisho wa IT una karatasi ya vitendo ya saa 3, mtoto yuko mbele ya mashine, programu ifanye kazi au isifanye. Na Sayansi ya Kompyuta ya kidato cha tano na sita kwetu iko upande huo wa pili: kupanga hatua za kutatua tatizo, kuandika programu, mitandao, hifadhidata. Barua zinachapwa kwingine.

Halafu mnasema milango. Udaktari hauingii kwa PCM, Biolojia haimo. Basi utajeni mlango wenyewe anaoupoteza, tuupime.

Steshenari B12
Mchumi wa Duga, nimekusoma vizuri. Steshenari za Barabara ya 12 hazijai mkono, na binti ni mmoja, kwa hiyo umenisema mimi. Kidato cha nne nimemaliza. Msimu wa kuomba mikopo ya chuo mnapopanga foleni na vyeti vya kuzaliwa ambavyo RITA, wakala wa vizazi na vifo, hawajavihakiki, nani anawaambia warudi wakahakiki kwanza? Picha ikikataa kupanda, nani anaipunguza? Nywila za watoto wenu mmezisahau wote, mimi ninazo kwenye daftari, mwaka wa pili wanakuja nawafungulia. Baba mzima na digrii yako hujui hata barua pepe ya mwanao. Heshima kidogo.

Mchumi wa Duga
Dada, sikukutaja jina. Lakini hilo daftari limenishtua. Una nywila za mikopo za watoto wa watu?

Fundi Msimbo
Na mimi nimesimama hapo. Dada yangu, kazi yako naiheshimu, ila hilo daftari lichome leo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022. Mtu akiingia kwenye akaunti ya mwanafunzi akabadilisha namba ya benki, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Steshenari B12
Nikilichoma, Septemba mtakuja kulia kwangu. Mimi sikuomba nywila ya mtu. Wanazisahau, wanasema "dada niandikie". Mnifundishe njia nyingine, msinitishe kwa sheria.

Mama Pongwe
Anasema kweli. Mwanangu alikosa mkopo mwaka wa kwanza kwa sababu barua pepe iliyotumika ilikuwa ya kijana wa steshenari nyingine, akahamia Dar na simu ikapotea. Tulihangaika mpaka basi. Huyu dada angalau ana daftari.

Fundi Msimbo
Mama, huo ndio ubaya wenyewe! Barua pepe ifunguliwe kwa jina la mtoto, na namba ya kurejesha nywila iwe ya mzazi. Nywila aiandike mtoto mwenyewe, akae nayo nyumbani.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, punguzeni sauti. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kuleta hasara. Wataalamu wa kuusimamia walikuwa wachache, mashine ikabebeshwa lawama. Kizazi kizima tumezeeka hatujagusa kibodi. Sasa serikali imeongeza tahasusi mwaka 2024, zimefika 65, na sisi wazazi tunaanza kuwarudisha watoto nyuma kwa hofu zilezile. Mwacheni binti asome anachotaka.

Mchumi wa Duga
Shikamoo mwalimu. Shule ina mashine? Maana kubadilisha tahasusi ni karatasi tu. Mtoto atakariri ubaoni programu ambayo hajawahi kuiona ikifanya kazi. Hapo sirudi nyuma.

Fundi Msimbo
Hapo nakuunga mkono mia kwa mia. Baba Mwanahawa, piga simu shuleni kesho. Uliza mwalimu wa kompyuta ameajiriwa au anajitolea. Uliza mtoto anakaa peke yake kwenye mashine mara ngapi kwa wiki, na umeme ukikatika inakuwaje. Wakibabaika kwenye hayo, chukua PCM, Hesabu itambeba hadi kozi ya kompyuta chuoni. Wakijibu vizuri, PMC bila kusita.

Baba Mwanahawa
Ahsanteni, nitapiga. Ila kuna jambo nimeligundua nikisoma hapa: selfomu ya binti, ile fomu ya kuchagua tahasusi, ilijaziwa steshenari, na nywila hatunayo nyumbani.

Steshenari B12
Steshenari gani, baba?

Baba Mwanahawa
Barabara ya 12.

Steshenari B12
Mlete binti kesho asubuhi, mwenyewe, na kitambulisho chake cha shule. Ataibadilisha mbele yangu na sitaiandika. Mchumi na wewe mlete wako.