Naombeni ushauri: nimenyimwa kibali cha usalama Marekani, nikate rufaa?

Mgeni_Maryland: Wakuu habari za humu. Niko Maryland, uraia nilishapata, nikapata kazi ya IT kwenye kampuni yenye tenda za wizara ya ulinzi ila inataka kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kushika siri za serikali. Jaji amenikatalia, eti bangi na kesi ya wizi dukani ambayo ilishafutwa. Bangi huku ni halali tangu 2023, sasa kosa liko wapi? Usingizi sipati, wife anajua bado naenda kazini.

Mama_Wawili: Pole mwanangu. Ila bangi ilimjenga nani? Mdogo wangu aliacha chuo kwa hiyohiyo, mpaka leo mama anamlisha.

Temeke_One: Rudi bongo tulime matikiti mkuu.

Karani_Virginia: Sheria ya jimbo haikuokoi, kibali ni cha serikali kuu na kwao bangi bado haramu. Mimi walinikaba kwenye madeni. Mara ya mwisho ulivuta lini, na kwenye SF-86, ile fomu ya kuombea kibali, uliandika nini?

Mgeni_Maryland: Hilo halina uzito kivile, ishu ni kesi ilifutwa.

Karani_Virginia: Ndilo lenye uzito. Lini?

Mgeni_Maryland: Sawa. Niliandika sijawahi, mpelelezi aliponibana nikasema. Na nilivuta tena baada ya kujaza fomu, kwenye harusi ya mshkaji. Lakini kila mtu anajaza hivyo jamani! Halafu wakili nimeshamlipa advansi, barua za mchungaji na bosi ninazo, naambatanisha zote.

Karani_Virginia: Hazitapokelewa. Bodi ya rufaa ya DOHA, ofisi ya wizara ya ulinzi inayosikiliza kesi za vibali, haichukui ushahidi mpya, inaangalia kama jaji alikosea basi. Barua, vipimo vya mkojo, tamko la kusaini kwamba hugusi tena, hivyo vilitakiwa mbele ya jaji. Notisi ya rufaa siku 15, hoja za maandishi 45. Ukishindwa unakaa mwaka ndo uombe upya, tena mpaka mwajiri akudhamini.

Mchunguzi77: Chai hii. Juzi huyuhuyu aliulizia boda ya mkopo Mbagala, leo raia wa Marekani?

Mgeni_Maryland: Boda ni ya bro, nilimuulizia.

Temeke_One: Kwani marejesho kwa siku bei gani?

Mama_Wawili: Kama ni uongo Mungu anakuona, mimi nimeshakuombea.

Mchunguzi77: Tupia hukumu hapa, ziba jina.

Mgeni_Maryland: Situpii, wakili kakataza. Karani, hukumu ina tarehe 3, barua nimeipokea tarehe 11. Nahesabu kutoka ipi?

Karani_Virginia: Ya hukumu. Mpigie wakili sasa hivi.